Aliyeniposa kwa Nusu ya Zaburi

Siku ninaposwa, mwanamume aliyekuja kuniomba alisimama mbele ya wazee wa ukoo wetu, mkuki mkononi, akasema maneno machache, akanyamaza.

Akanyamaza kabisa, jamani.

Na siku ile mtu aliyetakiwa kunyamaza nilikuwa mimi, niliyefichwa nyuma ya ukuta wa matete.

Ngoja nianze vizuri. Naitwa Kokuhirwa wa Buganguzi, bibi mwenye wajukuu na bando la kutosha. Haya yalinikuta mwaka 1974, enzi za ujamaa, kijiji kizima tukilima shamba la pamoja.

Pale shambani kulikuwa na mjane mmoja, Ma Klaudia, na mwanawe Protase. Hawa walisali zaburi huku wanapalilia. Mwana anatoa nusu ya mstari, mama anamjibu nusu iliyobaki. Asubuhi zaburi ya kuamkia, jioni zaburi ya kushukuru.

Watu waliwacheka. Zaburi ni za mapadri na masista, walisema, si za watu wenye matope magotini.

"Waitu, wenzangu, Daudi mwenyewe alichunga kondoo," Ma Klaudia akawajibu. "Mnadhani miguu yake ilikuwa safi?"

Wiki ya kwanza na mimi nilicheka. Wiki ya pili nikajikuta najibu kimoyomoyo. Msimu ulipoisha nilikuwa nasali zaburi nikimenya ndizi, nikichota maji, nikianika kahawa.

Na kusema kweli, nilikuwa nampenda Protase mpaka basi.

Tatizo lilikuwa baba yangu, Ta Rwegasira. Yeye alikuwa na mtu wake, karani wa ushirika, mwenye baiskeli na viatu vya kung'aa. Posa ya Protase ilipoletwa akasema, "Aje ajitape kama wanaume. Akikwama, Jumapili namkaribisha karani."

Kwetu Wahaya kujitapa huko tunaita kwebuga. Mwanamume anashika mkuki, anamwaga sifa zake bila kukatika: ukoo wake, ushujaa wake, alichokiua.

Sasa Protase alikuwa ameua nini? Labda fuko mmoja wa mgombani, tena kwa bahati.

Basi, siku ikafika. Nyumba imejaa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inazunguka kwenye vibuyu, mimi nachungulia kwenye matete. Protase akainua mkuki. Badala ya kujisifu, akaanza ile zaburi ya mchungaji. Nusu ya mstari wa kwanza.

Akaishia hapo.

Nikajua kimeumana. Mdomo wake umezoea kungoja jibu la mama yake, na kwa desturi yetu mama wa kijana haji kwenye posa.

Baba mkubwa, Ta Kamugisha, akacheka. "Sifa zimeisha? Hata jina lake hajataja."

Baba akashika magoti, anaanza kuinuka. Baba akiinuka, posa imekufa.

Msichana anayeposwa kwetu sauti yake haisikiki. Ikisikika, ni aibu ya nyumba nzima. Shangazi Celina alikuwa amekaa ubavuni mwangu kwa kazi hiyo moja, kunilinda nisitoe sauti.

Nikajibu.

Nusu ya pili, kwa sauti ya shambani.

Protase hata hakugeuka. Akatoa nusu nyingine. Nikajibu. Akatoa. Nikajibu. Mara shangazi naye anajibu, halafu wanawake wote wa jikoni, kumbe nao walikuwa wakiziiba zaburi kule shambani kimyakimya. Nilicheka, nikalia, nikasali, vyote kwa mpigo.

Tulipomaliza, baba alikuwa bado kainama, hajakaa wala hajasimama.

"Kokuhirwa."

"Taata."

"Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza shamba la kijiji, taata."

Akakaa taratibu. "Wanaume wengi wamejitapa humu ndani," akasema, "na wengine nawajua, walidanganya. Leteni kahawa."

Kahawa ya kutafuna ikapita mkono kwa mkono hadi kwa Protase, posa ikakubaliwa, na karani akaachwa kwenye mataa.

Miaka yote hii nimetamba kwa hilo. Tukigombana kidogo tu, namkumbusha Protase kwamba nilimwokoa. Yeye hutabasamu.

Juzi tumemaliza zaburi ya asubuhi, nikamtania tena.

"Mama, mimi sikukwama," akasema. "Kwebuga yangu nilikuwa nayo nzima kichwani."

"Sasa ulinyamaza kwa nini?"

"Kule shambani ulidhani unajibu kimoyomoyo. Ulikuwa unasikika mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Nikataka kujua kama utanijibu mbele ya baba yako."

"Na ningekaa kimya?"

"Ningerudi nyumbani kwa mama."

Nikamgeuzia mgongo. Yaani nimeringa miaka yote hii, kumbe niliyetegwa ni mimi.

Wanangu, salini zaburi kila siku, shambani, jikoni, hata kwenye foleni. Zikishazoea mdomo wako, hazisubiri ruhusa yako. Mimi juzi hiyo nilimnunia Protase mpaka jioni, nikaapa simsemeshi. Jioni akatoa nusu yake ya mstari, na mimi huyo, nikajibu.