Upande Mzito wa Panga la Ndege

Mzee aliyeniletea panga la ndege, lile la mbao linalozunguka puani, alikuwa kibarua wa zamani wa uwanja wa ndege. Yeye ndiye aliyekuwa akilizungusha kwa mkono ili injini iwake. Ndege ilipochakaa akapewa panga, na hakubaki na kingine cha kazi ile. Alitaka nilikwangue, nilipake vanishi upya, alitundike sebuleni kwake Shangani.

"Liwe sawa tu, mwanangu," aliniambia.

Sikufundishwa useremala na fundi yeyote. Nilijifunza kwa kuharibu viti vya mama. Kwa hiyo neno lile "sawa" lilinikaa kichwani. Nilikuwa nimesikia kwamba pande mbili za panga la ndege lazima zilingane uzito. Nikapitisha bomba kwenye tundu la katikati, nikaliweka juu ya viti viwili. Upande mmoja ukashuka. Nikaupiga msasa mpaka likatulia. Nikapaka vanishi, nikaliegemeza ukutani likauke. Kesho yake upande uleule ukashuka tena. Nikasugua tena, nikapaka tena.

Mshona viatu jirani yangu pale Chikongola akawa ananiuliza kila asubuhi ndege inaruka saa ngapi. Sikucheka. Chakula nilikula nimesimama, macho kwenye panga.

Siku ya tisa ndipo nilipoona tone limeganda nchani. Vanishi mbichi ilikuwa ikichuruzika kwenda chini, na kila mara mimi niliuweka chini upande uleule. Nilikuwa nakula mbao kwa kosa la vanishi.

Mzee alipokuja nikamweleza habari za uzito, maneno yakinipita mbio. Akanitazama kwa mshangao. Alisema yeye alitaka ling'ae kidogo tu. Angelipigilia misumari miwili ukutani, haliendi kokote.

Ningeweza kunyamaza. Pande zote ziling'aa.

"Upande huu nimeupunguza, mzee," nikasema. "Umekuwa mwembamba kuliko mwenzake."

Akaupapasa polepole mpaka nchani.

"Wageni tutawaambia umeliwa na upepo," akasema, lakini kiganja chake hakikuondoka pale.

Nikamwomba aniachie siku moja tu, nirekebishe na upande wa pili. Akaliweka panga begani akaondoka nalo upesi, kama mtu anayemnusuru mwanawe mikononi mwa ngariba asiyejua kukoma.