Mablanketi ya Chemba na Kiti cha Mgeni Rasmi

Niliondoka Dodoma kwa sababu mdogo wangu alijifungulia darasa la nne. Simaanishi alikuwa mwanafunzi. Zaina ni mke wa mtu, analima alizeti na mume wake huko Chemba. Namaanisha chumba chenyewe, chenye ubao na ramani ya Tanzania ukutani. Wakulima na wafugaji wa upande wao walipigana, kwanza kwa fimbo na mawe, kisha kwa mishale, kisha mtu akaleta bunduki, na bunduki ilipolia hakuna aliyekumbuka kufunga mlango. Familia zikakimbilia shule ya msingi iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Wa wakulima wakapewa darasa la nne, wa wafugaji darasa la tano, na katikati kukabaki uwanja ambao hakuna aliyetaka kuuvuka.

Ilikuwa Juni, na anayeijua Dodoma anaujua upepo wa Juni. Zaina alinipigia simu akaniambia mtoto anamfunika kwa khanga mbili na gauni lake la harusi. "Dada, leta blanketi," akasema. Hakuomba kingine.

Sasa, mablanketi yalikuwepo. Sisi kina mama wa sokoni Majengo tulikuwa tumeshachanga na kununua mzigo mzima, umerundikwa stoo kwa Mama Shani, muuza mchele na mwenyekiti wetu. Ulikaa pale wiki nzima. Ulikuwa unamsubiri fundi amalize kushona sare za kitenge za kamati. Eti hatuwezi kwenda kutoa msaada kila mtu kavaa lake, tutaonekanaje. Nikasema kikaoni kwamba mtoto wa Zaina hajui kitenge kinafananaje. Mama Shani akanijibu, "Mama Nasri, hizo hasira kampelekee mumeo. Hapa tuna ratiba."

Majengo, Jumamosi alfajiri. Kenta la kukodi lilisimama mbele ya stoo. Mbali na mablanketi na unga, watu walikuwa wameleta nguo. Kulikuwa na suti za bwana harusi, pazia la ukumbini lenye vimulimuli, na gunia la viatu vya mchuchumio.

"Nani anakimbia bunduki halafu anavaa mchuchumio?" nikauliza.

"Kuna siku watatulia," akasema Mama Shani. "Watataka kupendeza."

Kisha ikapakiwa sofa. Ndiyo, sofa ya mtu mmoja, nyekundu, na kitambaa chake cheupe cha kudarizi, kwa ajili ya mgeni rasmi. Huku kwetu hata choo hakizinduliwi bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi hakalii benchi. Sofa ilipopanda, furushi moja la mablanketi likakosa nafasi. Wakaanza kulirudisha stoo. Mimi nikaenda kukaa chini mbele ya tairi, Nasri wangu mgongoni, nikamshusha mapajani, nikafungua kiporo nikaanza kumlisha.

Dereva, Juma, akacheka mpaka akashika bodi ya gari. "Mwenyekiti, huyu hatoki. Tupandishe furushi, sofa ikae juu yake, na yeye aishikilie."

Ndivyo nilivyosafiri kwenda Chemba, juu ya mzigo, nimeketi kwenye sofa ya mgeni rasmi, nimejifunika turubai mimi na mwanangu.

Mayamaya tulisimama kununua maji. Vijana wa bodaboda waliniangalia kule juu kwa muda.

"Mheshimiwa, unagombea nini?" mmoja akauliza.

"Nagombea kukuchapa," nikamwambia.

"Kura yangu unayo, mama."

Baada ya hapo ni lami, vichaka, mashamba ya mtama uliokwisha kuvunwa, ng'ombe wakielekea mnadani, na upepo. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba baridi nilianza kuisikia tukikaribia kufika.

Chemba, kabla ya adhuhuri. Shule iko nje ya mji, kwenye njia ya vumbi. Zaina alitoka darasa la nne na kichanga kifuani, amekonda, midomo imepasuka. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. Nikashika miguu ya mtoto. Ilikuwa ya baridi kama chupa ya soda.

Nikaenda moja kwa moja kwenye furushi. Mama Shani akanishika mkono. Mafurushi yote yalikuwa yamefungwa utepe.

"Mpaka mgeni rasmi akate," akasema.

"Yuko wapi?"

"Yupo njiani."

Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja ambaye cheo chake sikitaji, kisije kikajikuta hapa. Tukamsubiri. Kamati ilijipanga mstari katika sare mpya, watu wa darasa la nne wakakaa upande wao, wa darasa la tano upande wao, na sofa katikati ya uwanja, tupu, inapigwa vumbi. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia. Mama Shani akapiga simu tena, safari hii akasahau kwenda pembeni, tukasikia wote kwamba msafara ndiyo kwanza unakunywa chai Dodoma.

Zaina alikuwa amemwingiza mtoto ndani ya blauzi. "Dada," akasema polepole, "usiku anageuka rangi."

Nikamwendea Mama Shani. "Shida ni mgeni rasmi tu? Basi tuweke mwingine. Bibi Salama yule pale."

Bibi Salama ni bibi yake Bakari, mume wa Zaina. Ni Mrangi wa vilimani, mfupi, hana meno ya mbele wala hana haya. Alikimbia vita na kuku wawili kwapani.

"Huyo ndiye anayepewa msaada," akasema Mama Shani.

"Basi hatachelewa kufika."

Juma naye akasema akikutwa na giza barabarani anaongeza nauli. Mama Shani akaangalia jua, akaangalia sare yake, akasema, "Haya."

"Shikamoo bibi," nikamwambia. "Umeteuliwa kuwa mgeni rasmi."

"Marahaba. Kuna soda?"

Akapewa soda. Akakaa kwenye sofa, miguu haigusi chini. Nikadhani atakata utepe. Wapi! "Risala?" akauliza. Mama Shani akalazimika kumsomea risala yote aliyomwandalia mheshimiwa, jinsi waathirika wanavyolala sakafuni na kula mlo mmoja. Bibi alisikiliza akitikisa kichwa kwa huzuni.

"Hao watu wana shida," akasema. "Lazima wasaidiwe."

Hata Mama Shani alicheka. Darasa la tano nao walicheka, wakasahau kwamba kwao tulikuwa maadui.

Kisha Bibi akatoa hotuba. Alishukuru. Akasema vile viatu vya mchuchumio vitafaa kutobolea mashimo ya mbegu. Akakata utepe kwa panga la jirani na kutoa agizo. "Wanaonyonyesha kwanza. Aanze yule," akaelekeza darasa la tano, kwa msichana wa Kibarbaig mwenye kichanga cha juzi. "Wake ndiye mdogo kuliko wote."

Watu wetu wakanung'unika. Mimi mwenyewe nilifungua mdomo. Waliompiga mume wa Zaina jiwe walitoka upande ule. Lakini neno la mgeni rasmi halipingwi hadharani, hiyo tumefundishwa wote tangu shule. Nikauvuka uwanja mzima, nikampa blanketi. Akalipokea kwa mikono miwili. Nikarudi na la Zaina, tukamzungushia mtoto mara tatu, na baada ya muda miguu ikapata moto, akalala.

Tulikuwa tunakunja turubai mheshimiwa alipofika, na mpiga picha. Alituomba radhi vizuri. Kisha akasema, kwa upole, tukusanye mablanketi yote turudie kidogo, kwa ajili ya kumbukumbu.

Mama Shani alianza kweli kwenda kwa Zaina. Nikasimama mlangoni. Lakini sikuwahi kusema, maana Bibi Salama alikuwa bado kwenye sofa.

"Karibu, mwanangu," akamwambia mheshimiwa. "Umechelewa, lakini umefika. Shughuli moja mgeni rasmi mmoja. Wewe kaa pale kwenye benchi na wageni waalikwa."

Akakaa. Sijui kwa nini. Nadhani na yeye alifundishwa.

Kabla ya kuondoka nilimwambia Zaina apande gari, twende kwangu Majengo yeye na mtoto. Nilikuwa nimeshamtengea nafasi.

"Bakari bado yuko kule anaokoa alizeti," akasema. "Akirudi anitafute mjini?" Akanivuta sikio kama anavyofanya tangu utotoni. "Leta godoro."

Tulirudi Dodoma. Nililojifunza ni hili: mtu aliyekimbia kwake anajua anachotaka, na mara nyingi ameshakitaja kwa simu. Mama Shani alinitoa kwenye grupu letu la simu usiku uleule, akanirudisha Jumatatu. Kikao ni kesho. Ajenda ya kwanza ni magodoro. Ya pili ni sare, na ikifika ya pili nitakuwa nimeshaondoka.