Alisingizia umeme, sasa anasaka sauti ya marehemu simu kwa simu

Asubuhi ya Jumatatu, Hellen Masalu amekaa nyuma ya meza ya studio yake ya picha huko Mkolani, jijini Mwanza, simu iko sikioni na kichwa amekiinamisha kama vile anayeongea naye amesimama mbele yake. Mlangoni kuna mteja wa picha za pasipoti. Hellen anamwonyesha kiti kwa mkono, kisha anaendelea.

"Shikamoo mama. Mimi ni Hellen, yule aliyechukua video kwenye sherehe ya kumuaga Rebeka alipoolewa. Ndiyo, mwenyewe. Naomba uangalie kwenye simu yako kama ulimrekodi marehemu mama yake akiongea." Anasikiliza kidogo. "Hapana mama, siyo umeme. Nilidanganya. Ile video niliipoteza mimi kwa uzembe wangu."

Mama wa upande wa pili anasema maneno ambayo Hellen hataki kuyarudia mbele ya mwandishi. Simu ikikatwa, anajifuta macho kwa kiganja na kutafuta namba nyingine. Mteja wa pasipoti amesikia kila kitu, ila anajitia kutazama picha za maharusi ukutani.

"Rebeka aliniwekea sharti," anasema Hellen. "Nikimwomba mtu, nimwambie kwanza ukweli. Kila nikipiga simu nahisi nimevuliwa nguo upya. Lakini nilijivua mwenyewe, nimlaumu nani?"

Hellen, mwenye umri wa miaka 36, anaishi kwa kamera. Amechukua picha za harusi, ubatizo na misiba kuanzia Mkolani hadi Busisi, na mtaani walimwita mtaalamu. Mwenye kompyuta iliyogoma alikimbilia kwake. Kila aliyeuliza usalama wa picha zake alijibiwa kwa madaha kwamba kwake hakipotei kitu, kwa sababu nakala ya kila faili inakaa kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Katika sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, watu husubiri mama mzazi ashike kipaza sauti. Hapo hata wapishi huacha masufuria. Mama Rebeka aliposhika chake, anakumbuka Hellen, alimsema mwanawe, akamsifia, akamtania mkwe, ukumbi mzima ukalia na kucheka kwa pamoja.

Video ilikuwa karibu kukamilika. Rebeka, ambaye tayari alikuwa kisiwani, Nansio, kwa mumewe, aliomba nyimbo zibadilishwe, kwa hiyo ikabaki kwenye kompyuta ikisubiri. Kadi za kamera zilikuwa zimeshafutwa ili zitumike kwenye harusi nyingine, kama wenye studio wengi wanavyofanya.

Kosa lenyewe lilikuwa limeshaingia ndani. Programu ya kuhariria video ilikuwa imechakachuliwa, aliwekewa bure na rafiki. Kinga ya virusi ilikuwa ikiikataa kila mara, rafiki akamshauri aizime. Akaizima, kazi ikaenda vizuri, akasahau.

Siku moja aliwasha kompyuta akakuta kila faili lina jina lisiloeleweka na halifunguki. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe wa watu wasiojulikana: alipe kwa dola, apewe ufunguo wa kuyafungua.

"Hata sikuogopa," anasema. "Nilijua hifadhi yangu ipo. Nikaona mtandao umekata, kumbe bando limeisha. Nikanunua kubwa, nikasema sasa mafaili yangu yarudi."

Hayakurudi. Hifadhi ile ilikuwa imeunganishwa na kompyuta, kinachobadilika huku kinabadilika na kule. Bando lile jipya ndilo lililopandisha mafaili yaliyofungwa na kuyaweka mahali pa yale mazima.

"Niliwanunulia wezi nauli," anasema Hellen. Anacheka kidogo, kicheko kisicho na raha yoyote.

Angeweza kwenda kwa fundi siku ileile. Hakwenda. Mtu aliyewafundisha wenzake kutunza picha aanzie wapi kusema kwamba alizima kinga kwa mkono wake? Wateja walipouliza, aliwaambia umeme ulirudi kwa nguvu ukaunguza mashine. Uongo huo haukuhitaji hata kurembwa, kwa sababu nani hajawahi kuunguliwa na kitu? Walimpa pole, wakaondoka.

Kisha Mama Rebeka akaugua kwa siku chache na kufariki dunia.

Baada ya mazishi Rebeka alikuja studio akiwa bado amejifunga kanga ya msiba. Alitaka maneno ya mama yake, ndugu wayasikilize siku ya arobaini. Hellen akamwambia habari za umeme. Rebeka akamshika mkono, akasema, "Pole dada. Kumbe na wewe umepata msiba wako."

Siku kadhaa baadaye alirudi tena kutoka Nansio na mfuko wa dagaa wa kumpa pole.

"Mfiwa ananiletea mimi pole," anasema Hellen. "Niliwapika, watoto wakala, mimi nikashindwa kulala. Kulipokucha nikaenda kwa Obedi."

Obedi Ngosha ni fundi wa kompyuta mjini. Hakumcheka wala hakumhubiria. Alimuuliza jambo moja tu, mafaili yalifungwa lini. Hellen akaanza tena kusema umeme, Obedi akamkatiza.

"Nilimwambia, dada, umeme haubadilishi majina ya mafaili," anasimulia Obedi. "Niambie siku ya kweli, maana hifadhi yako inatunza nakala ya zamani kwa siku thelathini tu, halafu inaitupa."

Kwanza alisafisha kompyuta yote na kuondoa ile programu iliyochakachuliwa, iliyoingiza kirusi. Ndipo akaingia kwenye hifadhi na kurudisha nakala za zamani, moja baada ya nyingine. Harusi zikarudi. Ubatizo ukarudi. Misiba ikarudi. Katika sherehe ya Rebeka, vilirudi vipande vya mwanzo vya ngoma na vya keki. Vile vya mama akiongea vilikuwa kati ya vilivyopandishwa kwanza, na muda wake ulikuwa umepita.

"Aliniambia ningekuja wiki ile iliyotangulia, vyote vingerudi," anasema Hellen. "Kwa hiyo siyo wezi waliomfuta yule mama. Ni aibu yangu."

Alipanda meli kwenda Nansio. Hakutaka kuyasema kwenye simu. Rebeka alimsikiliza hadi mwisho bila kumkaribisha kiti.

"Na dagaa wangu mkawala?" aliuliza.

"Tuliwala," Hellen akajibu.

Rebeka aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema waalikwa walikuwa wengi na simu zilikuwa juu, basi Hellen aende akazitafute. Na asimfiche mtu hata mmoja.

Tangu hapo Hellen anaokota hotuba vipande vipande. Kwa mmoja amepata sentensi mbili zenye kelele za watoto, kwa mwingine picha ya dari lakini sauti safi. Anavitunza kwenye diski ya pembeni anayoichomoa kila akimaliza, na nakala nyingine iko kwa Obedi.

Wiki iliyopita alipata kipande kirefu kuliko vyote Busisi, kwa Kashindye, mdogo wa marehemu. Anamfungulia mwandishi. Mama Rebeka ameshika kipaza sauti, anageuka upande wa kamera ya studio.

"Binti wa kamera, unanipata vizuri? Maana haya siyarudii."

Sauti ya Hellen inasikika, changamfu, yenye kujiamini: "Nakupata vizuri mama. Ongea tu, kwangu hayapotei."

Hellen anaizima video haraka. Anasema alimpigia Rebeka kumwomba ruhusa ya kukata hapo, mama aanze tu kuongea. Rebeka alikataa. Alisema mama yake aliuliza na akajibiwa, na watu wasikie alichojibiwa.

Arobaini ni Jumamosi hii. Hellen anatarajia kuwa ameunganisha vipande vyote kufikia Ijumaa, na amealikwa kwenda kuvionyesha mwenyewe.

"Nitasimama palepale pembeni ya kioo, mbele ya wote," anasema. "Kikifika kile kipande sitatoka nje."