Siku Niliyompelekea Binti Yangu Ugali

Mimi katika maisha nimefuzu kitu kimoja tu, ugali. Shule niliachia kidato cha pili, kule kwetu Kenya upande wa Busia, na hata hicho cha pili sikukimaliza. Hesabu ilinishinda nikaiachia wenyewe. Lakini kwa ugali usinitanie. Naweza kusonga huku naongea na simu huku nafukuza kuku wa jirani kwa mguu, na bado utatoka umetulia kwenye sinia kama keki ya harusi.

Ugali huo ndio ulinipatia bwana. Nilikuwa nimevuka mpaka kuja huku kwa Waganda, nina kibanda cha chakula Katwe, katikati ya watu wa kuchomelea vyuma, na bado ninacho. Yeye ni polisi, mtu wa kaskazini. Alikuja na njaa yake na Kiswahili chake cha kambini, akasema, "Wewe mama, leta chakula haraka!" Nikafikiri nakamatwa. Kumbe ndio alikuwa anatongoza. Mimi sikujua lugha yao, yeye hakujua yetu, tukabaki na Kiswahili hicho, na watoto wetu wawili wakakulia ndani yake. Msichana ndiye mkubwa. Mvulana ndiye mdogo. Walipokuwa wadogo walikuwa wanapigania ukoko wa sufuria mpaka msichana anamuuma mwenzake mkono. Mimi nawachapa wote wawili na moyoni nacheka. Mama gani hafurahi watoto wakiumana kwa sababu ya chakula chake?

Siku hizi hakuna anayeumana. Baba yao alihamishiwa mbali, tunamwona kwa simu. Mdogo ana miaka kumi na minne, anakula rolex barabarani, ile chapati ya kuviringisha na mayai, halafu anaingia nyumbani akisema, "Mimi nimeshiba," kama mtu anayetangaza matokeo. Msichana yuko shule ya bweni upande wa Mukono, Senior Five. Likizo iliyopita alikaa nyumbani siku chache tu, akaenda kwa rafiki yake ati kusoma pamoja. Kitabu kimoja watu wawili, sawa.

Kwa hiyo nilikuwa na mpango. Nilitaka likizo inayokuja binti yangu arudi kwetu Kasubi, akae likizo nzima, ale kwangu. Basi. Mwaka unaofuata atamaliza shule, na akimaliza nani atamrudisha? Sikuwa na gari la kumrudishia, sikuwa na nyumba ya ghorofa, hata televisheni yetu inahitaji kupigwa kofi ndiyo ionyeshe sura. Nilikuwa na mkono wangu tu. Nikasema siku ya kutembelea watoto nitampikia mpaka tumbo lenyewe limrudishe nyumbani.

Nilienda soko la Kalerwe mwenyewe asubuhi. Kuku wa kienyeji nilimchagua kwa kumtazama machoni. Nikanunua simsim ya kusaga, kwa sababu watu wa baba yao hawali kuku bila simsim, na unga mweupe mzuri ambao ukiushika unateleza kama poda. Jirani yangu, Muganda, mama mtu mzima mwenye mdomo, akanikuta uani nasonga. Kiswahili chake ni cha kuokota, ugali kwake ni posho, lakini hakimzuii.

"Wewe Mukenya, nakwenda wapi na hii posho?"

"Kwa mtoto. Leo ni siku ya kutembelea."

"Nyabo!" akaniita, yaani mama kwa Kiganda. "Shule? Wewe napeleka posho shule?" Akashika kichwa. "Peleka matoke! Peleka hata chipsi!"

Nikamwona ana wivu. Nikaufunga ugali wangu kwenye majani ya ndizi, nikautia kwenye hotpoti, kuku nikamtia kwenye nyingine, nikaufunika na sweta langu juu, nikapanda boda nimeupakata kama mtoto mchanga. Njia nzima nilikuwa nautuliza. Tukiruka tuta, nasema pole.

Sasa ngoja nikueleze jinsi mlango wa shule ulivyo siku hiyo. Wazazi wamepanga foleni, na askari wanapekua chakula, kwa maana watoto wanakatazwa simu na kuna wazazi wanaficha simu ndani ya chakula. Wanafungua keki, wanachoma mkate na kijiti. Zamu yangu ikafika. Askari, kijana mwembamba mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, akafungua hotpoti ya ugali, akafunua jani. Akainua macho akanitazama mimi, halafu ugali, halafu mimi tena.

"Nyabo, hii ni nini?"

"Ugali."

"Posho?"

"Posho, mwanangu."

Akamwita mwenzake. Mwenzake akaja akatazama, na yeye akaanza kunitilia shaka. "Mama, ndani kuna nini?"

"Ndani kuna ugali pia. Ni ugali mpaka chini."

Hawakuniamini. Wakaleta kisu wakaupasua katikati, wakaupasua tena, wakatafuta simu. Foleni nyuma yangu inanyoosha shingo. Mimi nacheka, nawaambia watafute vizuri, labda wataona na laini yake. Lakini nilipotazama ule ugali umekatwa vipande, moshi unatoka, nikavisogeza vipande pamoja kwa vidole. Yule askari mwembamba akanirudishia kifuniko kwa heshima kabisa, akasema, "Samahani, mama. Sisi tulishangaa tu. Posho hapa ndani iko, kila siku. Hakuna mzazi analeta."

Hapo ndipo nilielewa jirani alikuwa anasema nini. Watoto wa bweni wanakula posho na maharage Jumatatu mpaka Jumatatu. Posho ndiyo wanayoikimbia. Siku ya kutembelea ndiyo siku moja wanayoponea. Kwetu sisi, ukimpelekea mtu ugali umempelekea nyumbani kwao. Pale nilikuwa nimebeba jela kwenye sweta.

Ungefikiri ningeuacha pale getini. Sikuuacha. Nilisema labda huu wangu ni tofauti.

Ndani uwanja umejaa mikeka. Magari yamefungua matako, watu wanatoa kuku wa kukaanga wa kwenye maboksi, chipsi, soda za rangi zote, pizza kubwa kama ungo. Nikatandika leso yangu pembeni. Binti akaja mbio, amerefuka, sketi imekuwa fupi bila ruhusa yangu, akanikumbatia, akakaa. Harufu yake ilikuwa ya sabuni nisiyoijua.

"Mami, umekuja! Umeleta nini?"

Nikafungua. Nilianza na kuku, nikijifanya mjanja. Akatabasamu. Halafu mkono wake ukafunua ile hotpoti nyingine.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele, mimi kelele nazijua. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akasema polepole, "Mami. Funika."

"Onja kwanza. Huu si wa shule. Huu..."

"Nimesema funika, bambi, tafadhali. Watu wanaona."

Nikafunika. Nikamfanyia mzaha, nikamwambia askari wameshatafuta simu ndani yake hawakuiona, kwa hiyo ni salama. Hakucheka. Zamani huyu mtoto nilikuwa namchekesha mpaka anajikojolea, na hapa nilikuwa nacheza jukwaa lote, yeye anatazama viatu vyangu. Akachukua paja moja la kuku, akalifuta simsim na tishu, akala amesimama nusu. Rafiki yake akapita, yule wa kusoma pamoja, akamwita, "Njoo, mummy ameleta pizza." Akaniamkia vizuri, akapiga na magoti. Mtoto ana adabu, sina la kusema.

"Mami, nakuja sasa hivi," binti yangu akasema.

Nilimtazama kwenye ule mkeka mwingine. Alikuwa anacheka na mdomo umejaa. Mama wa yule rafiki alinipungia mkono nije na mimi, na mimi nikampungia kwamba nimeshiba. Kumbe na mimi nilikuwa nimejifunza kutangaza matokeo.

Alirudi wakati kengele inagonga. Nikamuuliza huku nakunja leso, kama vile swali halina uzito, "Likizo si unakuja?"

"Nakuja, Mami. Lakini si kukaa sana. Kule kwa rafiki yangu kuna mwalimu wa kutufundisha, halafu kuna wayafayi."

Nikamuuliza kama wayafayi inaliwa. Akanibusu shavu akaenda.

Jioni bwana wangu akapiga simu kutoka huko aliko. Nikamsimulia yote, nikaweka chumvi ya kuchekesha kwenye sehemu ya askari. Akacheka mpaka akakohoa. "Mama watoto! Wewe ulimpelekea mtoto posho? Hata mahabusu mimi nawapa posho!" Halafu akauliza, "Alikula?" Nikamwambia alikula kuku. "Si ndiyo," akasema. "Alikula." Tukaachia hapo.

Sasa mtu mwenye akili angekata tamaa vizuri, akakaa. Mimi nilisema kama ni kuku wa kwenye boksi ndiye anayemvuta, nitamkaanga huyo kuku hapa Kasubi. Mdogo akaniwekea video kwenye simu. Video ilikuwa ya Kizungu, mimi nikawa nasoma mikono. Kuku wa kwanza alitoka mweusi. Mdogo akamgonga mezani, akasema, "Mama, huyu tunaweza kumuuza Katwe kama chuma." Wa pili alikuwa mweusi nje, ndani damu. Jirani akawa anakuja kila nikiwasha jiko, anakaa kwenye kigoda chake, anatazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Nilipoteza mafuta mengi na kidole kimoja kikababuka, lakini likizo ilipofika nilikuwa najua. Ngozi inalia kau kau ukiuma. Viazi nilivikata vyembamba, vyote urefu mmoja, na mimi kukata kitu kwa urefu mmoja ni kazi.

Alikuja Jumamosi mchana. Alikuja na begi dogo, lile la mgongoni. Nilipoliona begi nilijua, lakini mikono ilikuwa imeshaanza kupakua, haikungoja habari.

Nikamwekea kuku na chipsi kwenye sahani ya wageni. Sikuwa na ugali nyumbani siku hiyo, hata unga niliuficha chini ya kitanda kama mtu anayeficha bangi. Jirani alikuwepo, bila shaka. Mdogo alichukua vipande vyake akajifungia chumbani. Binti alikula taratibu, mdomo umefungwa, anafuta vidole. Mimi nilikaa mbele yake namtazama taya. Alikula karibu vyote.

"Ni nzuri?" nikauliza.

"Nzuri, Mami."

"Kama ya kwenye boksi?"

"Nzuri sana."

Halafu akafanya kitu. Akasogeza sahani, akashuka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye simiti mbele yangu, akasema, "Mami, webale kufumba."

Huko ni kushukuru mpishi. Waganda ndio desturi yao, ukimaliza kula unamshukuru aliyepika, asante kwa kupika, na yeye anakujibu asante kwa kula. Ni desturi nzuri. Nimeishi nayo miaka yote hii kwa majirani. Lakini nyumbani kwangu haijawahi kuingia. Kwangu mtoto akishiba anapiga mbweu anakimbia nje. Akitaka zaidi anasema ongeza. Akichukia anasema chumvi imezidi, na mimi namwambia nenda ukapike yako. Hakuna aliyewahi kunishukuru, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa mgeni.

Jirani akapiga makofi. "Eee! Umelea mtoto!" akasema. "Umemlea vizuri kabisa, na magoti!"

Kila mtu ananingoja mimi nijibu. Jibu nalijua, nalisikia kila siku kupitia ukutani. Nikafungua mdomo, likatoka, "Karibu tena."

Jirani akacheka mpaka kigoda kikalia. Binti akatabasamu, akainuka, akapangusa magoti. Akachukua sahani yake akaenda kuiosha mwenyewe bila kuambiwa, akaiosha mbele na nyuma, akaifuta, akauliza sahani hii inakaa wapi siku hizi. Nikamwonyesha.

Jumatatu asubuhi gari la mama wa rafiki yake lilikuja mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimeamka mapema nimemkaangia tena, nikamfungia kwenye kavera, mfuko wa plastiki. "Ya njiani," nikamwambia. Akashika kavera, akatazama kule gari liliko, akaniambia kule wanakuta chakula tayari, na gari la watu litanuka mafuta, nisikasirike. Nikamwambia nikasirike nini, mimi hata nilikuwa nataka kumpa mdogo.

Mdogo alipoamka akasema ameshiba. Nikakaa kwenye kigoda cha jirani na ile kavera, nikala mwenyewe. Kuku alikuwa mzuri. Nasema kweli, nilikuwa nimeshajua kupika ile takataka.