Sega la Baba Katika Nguo za Bi Harusi

Nikiusimulia mkasa huu huwa nainamisha uso kwanza, maana mwanamke wa umri wangu, mwenye shahada ya ualimu ukutani, hakupaswa kuaibishwa na funza mbele ya wakwe wa watu. Lakini niliaibishwa, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Nafundisha Faza, katika kisiwa cha Pate, kwetu ni Kitui, na baba yangu alifuga nyuki mpaka alipofariki. Nilipoanza nami kufuga (mizinga miwili tu, katika shamba la Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu), kaka yangu alinitumia kipande cha sega kuukuu, jeusi, kutoka mzinga wa mwisho wa baba. Muuzaji wa vifaa kule Mpeketoni alikuwa ameniuzia karatasi za nta, zile nyembamba zilizopigwa chapa ya vijumba, unazibana ndani ya fremu ili nyuki wajenge juu yake. Akanisihi nitumie hizo peke yake na sega kuukuu nilichome, kwa kuwa nondo wa nta hutaga humo na funza wake hutoboa hata nguo. Nikamwitikia vizuri sana. Karatasi nikazitia mizingani, sega nikalifunga kwa gazeti na kulilaza chini kabisa ya kasha langu la nguo, kwa sababu kila nilipoinua kifuniko nilisikia moshi, asali na koti la baba, na kwa muda mfupi nilikuwa nyumbani.

Sasa, kasha hilo hilo ndilo Bi Zuhura alilolichagua kuhifadhia nguo za mchumba wa mwanawe. Kwake wageni hawakatiki na watoto hupekua, kwangu kumetulia. Kila alipopata leso nzuri alikuja nayo imekunjwa na kufungwa utepe, akaniambia, "Weka, Mwalimu. Wewe ndiye utakayezionesha siku hiyo." (Mnaoijua desturi mnaelewa uzito wa neno hilo: sanduku hupelekwa kwa kina bi harusi, nguo zikafunuliwa moja moja mbele ya wanawake, na mwenye kufunua ni mtu wa ndani. Nami ni mtu wa bara, niliyekwisha kuzoea kuitwa mgeni.)

Siku moja nikaona nondo wa kijivu akiruka kutoka kashani. Mwenye akili angelitoa sega akalichoma. Mimi nilijiambia kwamba nimeishi pwani vya kutosha kuijua dawa ya nguo, nikawasha chetezo, nikatia udi, nikalifukiza kasha jioni baada ya jioni kana kwamba namwandaa bi harusi mwenyewe. Nondo hawakuonekana tena, nguo zikanukia, nikajipongeza. Kumbe funza waliukimbia moshi wakajichimbia ndani ya mikunjo.

Siku yenyewe nilizihamishia nguo sandukuni bila kufungua utepe hata mmoja, tukaenda na Bi Zuhura mji wa Pate kwa pikipiki, sanduku limefungwa nyuma, nami nimejitanda mtandio mpya na kujiona mtu wa Faza kabisa. Sebule ya kina bi harusi ilijaa. Nikafunua gauni la kwanza, vigelegele. La pili, vigelegele. Kisha nikafungua utepe wa leso iliyokuwa chini kabisa, nikaikunjua kwa madaha, mikono juu, na mwanga wa dirisha ukapenya katika matundu ambayo hakuna fundi aliyeyatia. Utando mweupe ukaning'inia. Funza mmoja mnono akadondoka mapajani mwa shangazi yake bi harusi, mwenziwe akatua kwenye sahani ya halua.

Shangazi alimtazama mdudu, akanitazama mimi.

"Bi Mwalimu," akasema taratibu, "nguo mumezileta na wenyewe ndani?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mwingine akauliza kama mahari nayo inatembea. Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kueleza maisha ya nondo wa nta kuanzia yai (ndiyo, nilifundisha somo), na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyojisogeza mbali na sanduku. Bi Zuhura aliikunja ile leso akaikalia, akawaomba radhi wakwe zake kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaahidi nyingine kabla ya ndoa. Harusi haikuvunjika, ila habari ilitutangulia Faza.

Niliogopa kumpoteza Bi Zuhura. Mlango wake ndio pekee niliokuwa nikiingia bila kubisha katika kisiwa hiki. Jioni alikuja, akainua kifuniko, akalikuta sega limegeuka vumbi na utando.

"Ulikuwa watunza nini humu, hata nguo zangu ukazisahau?"

"Harufu ya kwetu," nikasema, nikamweleza habari za baba.

Alikaa kitandani. Kisha akasema, "Ungenambia. Ningezipeleka nguo kwengine, nawe ukabaki na kasha lako."

Mabaki ya sega tuliyachoma uani. Nta ikashika, moshi ukapanda, na kwa mara ya mwisho nikamsikia baba, mzima mzima, akirudi kutoka mizingani. Bi Zuhura alivuta pumzi akaniuliza kama ndivyo kunukiavyo kwetu. Nikaitikia kwa kichwa.

Siku hizi karatasi za nta nazihifadhi katika ndoo yenye kifuniko, sega kuukuu halilali nyumbani mwangu, na nguo za watu sizipokei, hata kwa kubembelezwa. Asali yangu ya kwanza ilikuwa ya maua ya mikoko, nyepesi, yenye chumvichumvi. Niliionja tena na tena nikimtafuta baba, na hakuwamo. Chupa moja nilimpelekea yule shangazi wa Pate kwa kuomba radhi. Aliiinua juani, akaichungulia pande zote, kisha akaipindua aitazame na chini, ndipo akaipokea.