D ni Dharura

Mwezi uliopita daktari mmoja mgeni hapa Kasulu, akijiandaa kurudi kwao, aliniachia mimi dalali gari lake dogo la mbio nimuuzie. Lingekuwa na gia za kawaida, watu wangeligombania. Lakini lilikuwa otomatiki, halina klachi, na kila mteja alilikwepa kama lina upele.

Hatimaye akaja Mzee Hamisi, mwenye duka Kibondo. Nami, ambaye sijawahi kuendesha otomatiki, nikamsomea herufi za kwenye gia kwa kujiamini.

"P ni Polepole, R ni Rudi, N ni Nenda."

"Na D?"

"Dharura, Mzee. Hiyo haiguswi."

Nikaweka N, nikaachia breki, gari likateremka mlima vizuri kabisa. Kupanda likagoma, likanguruma tu. Ikabidi wapita njia watusukume hadi juu.

"Gari la kuteremka tu ni nusu ya gari," akasema Mzee Hamisi. "Nalipa nusu ya bei."

Nikakubali upesi, asije akaghairi. Akalipa, akashika usukani.

"Samahani, ndugu dalali, nina dharura Kibondo."

Akaweka D, akaupanda mlima wa mbele kama swala. Vumbi lilipotulia, nikamwona daktari ng'ambo ya barabara, akingoja kusikia nimeuza bei gani.