Kilomita za Cherehani

Siku ile simu ilionyesha kwamba mama yangu ametembea kilomita kumi na moja. Mama hakuwa ametoka barazani. Tangu asubuhi alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, nyumbani Bombambili, akishona sare za kwaya. Haya niliyajua kesho yake. Jioni ile nilishangilia tu.

Mwezi wa tatu, mvua ikiwa imelowesha kila kitu, mama aliteleza kwenye mteremko wa shamba lake la Matogoro akiwa na furushi la majani ya maharage kichwani. Mguu wa kushoto ukavunjika chini kidogo ya goti. Alikaa na hogo la plasta mguuni kwa wiki nane. Lilipotolewa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, binti mpole asiyecheka ovyo, alimwambia mbele yangu:

"Mama, mfupa umeunga. Sasa kazi ni goti. Usipotembea litakauka hivihivi lilivyo, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Mama aliitikia vizuri. Kisha akarudi nyumbani akaketi. Mtu aliyekuwa anafika Matogoro kabla jua halijapata nguvu, sasa akitaka maji ya kunywa anaita. Juma la pili akaanza kuzungumzia kulikodisha shamba. Jirani mmoja wa hukohuko alikuwa analitaka, na mama alilitaja jambo hilo kwa sauti ya kawaida mno, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mimi ni mtu mzima ninayecheza mchezo wa simu wa kukusanya viumbe. Unakamata viumbe, unawalea, unatembea nao. Niliyempenda kuliko wote ni mbweha mdogo mwekundu mwenye mikia sita. Waliomtunga walichota kwenye hadithi za Japani, za mbweha anayeishi miaka mingi na kuongeza mikia kadiri anavyozeeka. Katika mchezo, ukitembea naye kilomita tatu unapata pipi moja. Pipi zikifika hamsini, kinawaka kitufe. Ukikibonyeza anageuka na kuwa mkubwa, mweupe, wa mikia tisa. Zilikuwa zimebaki pipi kumi na nne. Nikaichukua ile simu yangu ya zamani yenye mchezo nikampelekea mama.

Aliisogeza mbali na macho, akaitazama.

"Huyu ni mbweha?"

"Mbweha, ndiyo."

"Yule mla kuku?"

"Huyu hali kuku, mama. Anakula pipi."

"Mikia sita. Sasa anakaaje chini?"

Nikamweleza habari ya mikia tisa.

"Tisa! Na mimi goti moja tu linanishinda."

Lakini aliipokea. Tulikubaliana aibebe simu kila atokapo, na mimi jioni, nikitoka kazini kabla ya kurudi kwangu Ruhuwiko, nipite kuandika umbali kwenye daftari. Juma la kwanza halikuwa na kitu: nusu kilomita, robo, nusu. Halafu namba zikapanda. Kilomita tatu. Nne. Mama muuza parachichi, ambaye meza yake inatazamana na baraza letu, akawa anamtania kila nikifika.

"Mama, mbweha wako kashiba leo?"

"Hajashiba. Ana tumbo kama lako."

Kazi yangu ni kuandika habari, na nimezoea kuuliza swali lilelile mara mbili. Kwa mama yangu sikuuliza hata mara moja.

Kesho yake baada ya zile kumi na moja ilikuwa siku ya hospitali. Yule binti alipima goti kwa kirula chake cha kupimia pembe. Akapima tena.

"Anatembea?"

"Jana peke yake kilomita kumi na moja," nikasema kwa majivuno.

Akamtazama mama, kisha akamshika mashavu ya miguu yote miwili, moja baada ya jingine. "Mguu wa kulia una kazi," akasema. "Wa kushoto umelala."

Mama alikuwa anaangalia dirishani.

Tulipofika nyumbani aliketi kwenye cherehani na kupandisha sketi kidogo bila kuambiwa. Kwenye mguu wa kulia, juu ya kifundo, ilibaki alama ya lastiki. Alikuwa anaifunga simu pale na kukanyaga cherehani kwa mguu huo mmoja, na simu ilihesabu kila mkanyago kuwa hatua. Mama muuza parachichi alivuka barabara ili acheke vizuri.

"Kumbe simu! Mimi nilidhani umefunga dawa!"

"Si alitaka mbweha atembee?" mama akasema. "Ametembea."

Nilikasirika. Nikamwekea simu mapajani. Pipi hamsini zilikuwa zimetimia na kitufe kinawaka. "Basi bonyeza, mama. Ageuke, tumalize. Na shamba mpe huyo anayelitaka."

Hakubonyeza. Alimtazama yule mbweha, akasema: "Miaka yote hii sijampa mteja nguo iliyoshonwa kombo nikamwambia avae hivyohivyo. Naifumua. Lete daftari lako."

Tukapitia siku moja moja. Kila siku alinionyesha kwa kidole: hii ya kweli, hii ya cherehani. Katika kilomita arobaini na mbili, za kweli zilikuwa nne.

"Hizo thelathini na nane nazifumua," akasema. "Nazirudia kwa miguu hii miwili, mpaka shambani. Nikifika, nambonyeza mwenyewe. Kabla ya hapo usimguse."

Kesho yake alikwenda kwenye mashine ya kusaga na kurudi. Alipofika alikaa juu ya gunia la pumba, uso umeloa jasho katika baridi ya Juni, akaniambia nisimsemeshe. Juma lililofuata alifika kanisani. Halafu njia panda. Simu ilikuwa kwenye mkoba begani, na kila jioni alinitaka niandike kwa kalamu nyekundu, ili zisichanganyike na zile nyingine. Mama muuza parachichi hakuacha.

"Mama, mbweha anakupita huyo!"

"Mwache atangulie. Njia haijui."

Kilomita thelathini na nane zilitimia mwezi wa nane. Nilimwambia sasa deni limekwisha, anaweza kubonyeza. Akaniuliza kama shamba limehamia Bombambili.

Tangu hapo Jumamosi tatu tumefika chini ya ule mteremko. Jumamosi ya kwanza alisimama pale alipoanguka, akachokoa udongo kwa fimbo, akageuka. Ya pili alipanda hatua ishirini, nikazihesabu, akashuka kinyumenyume akiwa amenishika bega. Ya tatu alipanda mpaka kwenye mgomba wa kwanza. Kutoka pale mahindi makavu ya mwaka huu yanaonekana; hakuna aliyeyavuna.

Juzi yule binti wa hospitali alipima tena. Goti sasa linakunjika zaidi, ila si sana. Nilimsubiri mama atoke, nikauliza kama litatosha kwa mteremko, na safari hii nikauliza mara mbili.

"Kupanda atapanda," akasema. "Kushuka sijui."

Yule jirani wa Matogoro amempigia mama simu, anataka jibu kabla ya mvua. Mama amemwambia asubiri. Mimi ameniambia Jumamosi hii nisimsindikize. Simu iko dirishani inachajiwa, kitufe kinawaka, na mbweha bado ana mikia sita.